Maswali Yenu: Chumvi Zilizo Kimiminika na Kazi Zake

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu vimiminika vya ayoni (ayoni ni chembe zenye chaji ya umeme), yaani chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi joto 100, ambazo nyingine hubaki kimiminika hata katika joto la kawaida la chumba. Makala ile iligusia matumizi yake viwandani, ikataja pia kwamba watu wengi huziita viyeyushi vya kijani kwa kuwa haziachi mvuke hewani. Barua zilizotufikia kutoka Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Singida na Manyoni ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua zile zinazogusa kiini cha jambo, na baadhi tumezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita hapa Mpwapwa. Tumefundishwa kwamba misombo ya ayoni huyeyuka kwenye joto kali sana kwa sababu ayoni zake hushikana kwa nguvu. Sasa mnasema kuna chumvi iliyo kimiminika juu ya meza. Je, tulichofundishwa si sahihi, au hizo si chumvi halisi?

Marahaba, mwanangu. Ulichofundishwa ni sahihi, na hizo ni chumvi halisi. Ukirudi kwenye sababu uliyofundishwa utaona kwamba ndiyo hiyohiyo inayozieleza.

Nguvu ya mvutano kati ya ayoni chanya na ayoni hasi hutegemea kiasi cha chaji na umbali uliopo kati ya vitovu vyake. Magnesiamu oksidi, ambayo kila ayoni yake ina chaji mbili, huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 2,800. Chumvi ya mezani, ambayo kila ayoni yake ina chaji moja, huyeyuka kwenye nyuzi joto 801. Ondoa sodiamu uweke siziamu, ambayo ayoni yake ni kubwa zaidi, na kiwango hicho hushuka hadi nyuzi joto 645. Wanakemia wa vimiminika vya ayoni walifuata mwelekeo huohuo na kuusogeza mbele: wakachukua ayoni chanya ya kikaboni iliyo kubwa, ambayo chaji yake imetawanyika juu ya atomu kadhaa badala ya kukaa mahali pamoja, na ambayo umbo lake halina ulinganifu.

Inayotumika sana ni imidazoliamu, pete ya atomu tano, tatu za kaboni na mbili za naitrojeni, yenye kundi fupi la methili, la kaboni moja, upande mmoja na mkia mrefu zaidi wa kaboni upande wa pili. Umbo lina uzito mkubwa katika jambo hili. Matofali yaliyofyatuliwa kwa kibao kimoja hupangika safu kwa safu, lakini mihogo ndani ya gunia haipangiki hata ulitikise gunia namna gani. Na ayoni zisizopangika vizuri hazijengi fuwele imara, kwa hiyo joto dogo tu latosha kuzifungua.

Ayoni hasi nayo ina sehemu yake. Imidazoliamu yenye mkia wa ethili, yaani wa kaboni mbili, ikiunganishwa na kloridi, huyeyuka kwenye nyuzi joto 87 hivi. Ayoni chanya hiyohiyo ikipewa ayoni hasi kubwa yenye florini nyingi, ambayo chaji yake imetawanyika na ambayo hujikunja kwa urahisi, kiwango cha kuyeyuka hushuka chini ya sifuri, takriban nyuzi joto 16 chini. Ukirefusha mkia wa kaboni, kiwango hicho huendelea kushuka hadi kaboni nane hivi, kisha huanza kupanda tena kwa sababu mikia mirefu huanza kuvutana yenyewe kwa yenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1914 Paul Walden, mwanakemia mzaliwa wa Latvia, alieleza chumvi iitwayo ethiliamoniamu nitreti, aliyoipata kwa kuunganisha ethilamini na asidi ya nitriki, na ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 12. Kwa miongo mingi haikumshughulisha mtu. Ama mpaka wa nyuzi joto 100 unaousoma vitabuni, huo ni makubaliano tu. Hakuna jambo la kikemia linalobadilika ghafla hapo. Sisi tunaoishi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 tunajua kwamba hata maji hayasubiri kufika nyuzi joto 100 ndipo yachemke. Hapa Dodoma huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, Dodoma mjini. Je, kimiminika cha ayoni kina tofauti gani na maji ya chumvi, nacho huhifadhiwaje?

Katika maji ya chumvi ayoni zimezungukwa na molekuli za maji, nazo ni chache zikilinganishwa na maji yenyewe. Katika kimiminika cha ayoni hakuna kingine ila ayoni. Kwa sababu hiyo hupitisha umeme bila kuongezewa kitu, na kwa sababu hiyohiyo mvuke wake ni mdogo mno, kwa kuwa kuitoa jozi ya ayoni kutoka kwenye kimiminika na kuipeleka hewani kunahitaji nishati kubwa. Zamani ilisemwa kwamba havivukizi kabisa. Mwaka 2006 watafiti walionesha kwamba baadhi vinaweza kukenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa tena, kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 chini ya kanieneo ndogo sana, lakini katika joto la chumba waweza kukiacha wazi mwezi mzima na kipimo kisipungue.

Huenda kikaongezeka, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Vimiminika hivi, hata vile visivyochanganyika na maji, hunyonya unyevu wa hewani. Maji kidogo yakiingia, mnato, yaani uzito wa kumiminika kwake, hushuka sana, na mabaki ya kloridi kutoka kwenye utengenezaji huupandisha. Mtu akipima mnato wa sampuli bila kupima kwanza kiasi cha maji kilichomo, namba anayoiandika haina maana. Sampuli uliyoifungua Septemba, hewa ikiwa kavu, haitafanana na ile uliyoifungua Januari mvua zikiwa zimekolea. Ikaushe kwa joto la wastani huku pampu ikivuta hewa, uipime maji, kisha uifunge vizuri. Nawe usishangae ikimwagika polepole, maana mnato wake kwa kawaida ni mara makumi kadhaa ya ule wa maji, na mara nyingine mara mia na zaidi.

Sisi ni wakamuaji wa alizeti hapa Singida. Baada ya kukamua, mashudu hubaki na mafuta ambayo viwanda vikubwa huyatoa kwa kutumia hekseni. Hekseni inashika moto haraka na inatutia hofu. Je, kimiminika cha ayoni, kwa kuwa hakivukizi, hakiwezi kuchukua nafasi yake?

Ndugu zangu, hofu yenu ina msingi, kwa kuwa mvuke wa hekseni hulipuka, nao ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Hata hivyo, kwa kazi hii jibu langu ni hapana, na ningependa mwone sababu yake.

Kwanza, mafuta ya alizeti hayana chaji wala ncha za umeme zenye nguvu, na vimiminika vingi vya ayoni huyayeyusha kidogo sana. Pili, na hili ndilo zito, hekseni huchemka kwenye nyuzi joto 69 hivi. Ikishayatoa mafuta kwenye mashudu, mnaipasha moto kidogo, inapaa, mnaipoza na kuirudisha, na mafuta yanabaki peke yake. Kimiminika cha ayoni hakipai. Sifa ileile inayowavutia ndiyo ingewazuia kukitoa kwenye mafuta mnayotaka kuuza na kwenye mashudu mnayotaka kulisha ng'ombe. Kila anayefikiria kubadilisha kiyeyushi chake aanze kwa kujiuliza kitatokaje mwishoni.

Kuna mahali pamoja katika kazi ya mafuta ambapo vimiminika vya jamii hii vimefaa zaidi. Mtu akigeuza mafuta ya alizeti kuwa dizeli ya mimea, gliserini hubaki imechanganyika ndani yake, na mchanganyiko wa kolini kloridi, chumvi ya kikaboni, na gliserini huweza kuivuta gliserini hiyo na kuiacha dizeli safi zaidi. Hapo kinachotolewa hupenda chumvi, kinachobaki huikataa, na tabaka mbili hujitenga zenyewe.

Mimi nafanya biashara Kondoa. Kila siku tunasikia habari za ugunduzi wa maabara. Je, kuna kiwanda chochote kinachotumia vimiminika hivi kwa kweli, au bado ni utafiti?

Vipo. Wa kwanza kusikika sana ni kampuni ya BASF ya Ujerumani, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikitengeneza misombo fulani ya fosforasi inayotumika katika rangi na mipako inayokaushwa kwa mwanga. Mmenyuko ule hutoa asidi ya hidrokloriki, ambayo lazima iondolewe papo hapo. Njia ya zamani iliiondoa kwa amini, besi ya kikaboni yenye naitrojeni, ambayo, ikikutana na asidi, hugeuka kuwa chumvi ngumu. Chombo kizima hujaa uji mzito usiokorogeka vizuri na ambao kuuchuja ni taabu. Wahandisi wakaweka methilimidazoli badala ya amini ile. Chumvi yake na asidi huyeyuka kwenye nyuzi joto 75 hivi, kwa hiyo kwenye joto la kazi inakuwa kimiminika, inajitenga chini ya bidhaa, na kinachobaki ni kuzitenganisha tabaka mbili.

Takwimu walizotoa bado hunishangaza: uzalishaji kwa kila mita ya ujazo ya chombo kwa saa ulipanda kutoka kilo 8 hadi kilo 690,000, kwa kuwa kazi iliyohitaji chombo kikubwa sasa ilifanyika ndani ya mrija mdogo. Angalia kwamba kimiminika cha ayoni hapo hakikununuliwa kama kiyeyushi ghali. Kilizaliwa ndani ya kazi yenyewe, kikaondolewa kwa kujitenga, na methilimidazoli ikarudishwa na kutumika tena. Kwangu huo ndio mfano bora wa matumizi ya vimiminika hivi kuliko yote.

Mfano mwingine uko Malaysia, ambako kampuni ya Petronas, kwa kushirikiana na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, ilianza kunasa zebaki kutoka kwenye gesi asilia kwa kutumia kimiminika cha ayoni chenye shaba, kilichonyonyeshwa ndani ya punje ngumu zenye vinyweleo. Na mwaka 2021, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoko Salt Lake City nchini Marekani, kampuni ya Chevron ilianza kutengeneza kijenzi cha petroli kwa kutumia kimiminika cha ayoni chenye alumini, mahali pa asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo ikivuja huua, na wakazi wa jirani na viwanda vinavyoitumia wameishi na hofu yake kwa miongo mingi.

Mimi ni mkulima wa Kongwa, umri umeenda. Mjukuu wangu ameniambia kwamba kuna maji ya chumvi yanayoweza kuyeyusha mti ukawa uzi wa nguo. Je, mabua yetu ya mtama na uwele yanaweza kuwa nguo?

Shikamoo Mzee. Mjukuu wako hakukudanganya. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba, mti na bua, haiyeyuki katika maji wala katika viyeyushi vya kawaida, kwa kuwa minyororo yake imefungamana kwa vifungo vingi vya hidrojeni. Mwaka 2002 kundi la Robin Rogers katika Chuo Kikuu cha Alabama lilionesha kwamba imidazoliamu yenye kloridi huiyeyusha vizuri: ayoni za kloridi huvishika vifungo vile mahali pa minyororo yenyewe, na minyororo ikaachana. Ukiongeza maji, selulosi hurudi kuwa yabisi, nawe waweza kuivuta ikiwa uzi. Nchini Finland, Chuo Kikuu cha Aalto kimetengeneza nyuzi kwa njia ya namna hii kutokana na mti na hata nguo kuukuu, na nguo zimeshonwa na kuvaliwa. Faida yake ni kuepuka kaboni disulfidi, sumu ya mishipa ya fahamu inayotumika katika njia ya zamani ya kutengeneza viskosi, uzi wa selulosi ya mti.

Bua la mtama, hata hivyo, si selulosi tupu. Lina lignini, kitu kinacholikaza bua, na vitu vingine ambavyo lazima viondolewe kwanza, na kila kinachobaki huchafua kimiminika, ambacho bei yake hailipi isipokuwa karibu chote kirudishwe na kutumika tena. Kukirudisha maana yake ni kuyachemsha maji yote yaliyoongezwa mpaka yaishe, na hapo nishati nyingi hutumika. Nami nisiache kusema hili, Mzee wangu: wako wataalamu wanaoandika kwamba mabua ni taka. Kongwa na Bahi, mwezi wa Oktoba, bua ndilo linalomfikisha ng'ombe kwenye mvua. Kiwanda kitakachokuja kuyanunua mabua kianze kwa kuuliza mifugo italishwa nini.

Ninasoma shahada ya kwanza ya kemia katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika vitabu na majarida naona vimiminika vya ayoni vikiitwa viyeyushi vya kijani, mwalimu wetu mmoja anakubali na mwingine anakataa. Wewe unasimama wapi?

Nasimama na yule anayekataa kulipa jina hilo kundi zima. Hoja ya kijani ilianzia kwenye mvuke: viyeyushi vya kawaida hupaa, vinachafua hewa, vinashika moto, vinavutwa na wafanyakazi; vimiminika vya ayoni havipai. Hilo ni kweli na lina thamani. Lakini kitu kisichokwenda hewani hakijatoweka. Kikimwagwa kitakwenda kwenye udongo na maji, na mji wetu huu hunywa maji ya visima vya bonde la Makutupora, kwa hiyo swali la kinachoshuka ardhini linatugusa kuliko wengi.

Tazama ayoni hasi kwanza. Zile zilizotumika sana miaka ya 1990, baada ya John Wilkes na Michael Zaworotko kueleza mwaka 1992 vimiminika visivyoharibiwa na hewa wala maji, zilikuwa tetrafloroboreti, na muda si mrefu heksaflorofosfeti ikafuata. Sifa ya kutoharibiwa na maji ilisifiwa kupita kiasi. Zikipashwa moto penye maji, hasa pakiwa na asidi, ayoni hizi huvunjika na kutoa hidrojeni floridi, ambayo hula kioo na huingia mwilini kupitia ngozi. Nimewaona wanafunzi wakiamini chupa kwa sababu ya lebo, wakaacha glavu. Usiwafuate.

Kisha tazama mkia wa ayoni chanya. Kadiri unavyorefuka, ndivyo ayoni inavyofanana na sabuni: kichwa chenye chaji na mkia unaopenda mafuta, umbo linalopenya utando wa seli. Majaribio mengi juu ya bakteria, mwani na viumbe wadogo wa majini yameonesha sumu ikipanda pamoja na urefu wa mkia. Wakati huohuo imidazoliamu huoza kwa shida, hasa ile yenye mkia mfupi. Mwaka 2018 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliripoti kuikuta imidazoliamu yenye mkia wa kaboni nane kwenye udongo wa karibu na dampo. Jambo lililohofiwa katika makaratasi lilikwisha kufika ardhini.

Ukipunguza mkia ili kupunguza sumu, huenda ukapoteza uozaji. Ukiweka kundi la esta ndani ya mkia, uozaji huongezeka lakini kimiminika hushindwa kustahimili asidi na besi. Zipo jozi za kolini na asidi za amino ambazo sumu yake ni ndogo zaidi, lakini mnato wake ni mkubwa. Idadi ya jozi zinazowezekana ni kubwa mno, huhesabiwa kwa mamia ya maelfu na zaidi, na hiyo ndiyo sababu siwezi kukubali sifa moja kwa zote. Ukisoma makala inayosema kimiminika fulani ni cha kijani, tafuta mambo manne ndani yake: kimetengenezwa kutokana na nini na kwa viyeyushi gani, kimerudishwa mara ngapi, kimefanya nini kwa kiumbe cha majini, na kinaoza kwa muda gani. Yasipokuwamo, mwandishi amepima mavuno ya mmenyuko wake tu.

Nachimba dhahabu Sekenke. Naomba kujua, kaka, kama kimiminika hiki kinaweza kutuondolea zebaki.

Kwa sasa hapana, kaka. Watafiti wa Leicester, Uingereza, wameyeyusha dhahabu kwa mchanganyiko wa kolini kloridi na ethilini glikoli, wakiongeza iodini, kisha wakairudisha dhahabu kwa umeme. Hiyo ni kazi nzuri, ila zebaki hukusanya punje ambazo tayari ziko huru, ilhali kimiminika hiki huyeyusha dhahabu yenyewe na kuhitaji mtambo wa kuirudisha. Zaidi ya hayo kina mnato. Kitabaki kimeshikamana na marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, na kila tani ya mchanga unayoitupa itaondoka na sehemu ya fedha yako. Kitakachokulinda leo ni kuosha mchanga vizuri kwenye mwalo, yaani mfereji wa kuoshea, mpaka yabaki makinikia machache yenye dhahabu nyingi kabla ya zebaki kuguswa, na kutochoma mchanganyiko wazi, bali ndani ya chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke na kuirudisha zebaki. Usichomee jikoni wala karibu na watoto.

Fundi umeme, Manyoni: nasikia vinatumika kwenye betri. Ni kweli?

Vinajaribiwa sana. Maji huanza kuvunjika kwenye volti 1.23, ilhali vimiminika vingi vya ayoni huvumilia volti 4 na zaidi, na havishiki moto kwa urahisi kama elektroliti, yaani vimiminika vinavyopitisha ayoni, za betri za lithiamu. Kinachovirudisha nyuma ni mnato, unaozifanya ayoni zitembee polepole, pamoja na bei.

Mimi ni mama mkulima wa zabibu, Hombolo. Tukishakamua, maganda na mbegu hutupwa. Kijana mmoja ametuambia kuna chumvi inayotoa dawa ndani yake. Tumsikilize?

Msikilizeni, mama yangu, lakini msitoe fedha bado. Maganda ya zabibu nyekundu yana rangi na tanini zenye thamani, na mbegu zina zaidi. Mwaka 2011 Young Hae Choi na Robert Verpoorte wa Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzao, walieleza michanganyiko ya vitu vya asili kama kolini, sukari na asidi za matunda ambavyo vikichanganywa hugeuka kimiminika, na michanganyiko ya namna hiyo, ikiongezwa maji ili iwe nyepesi, imetoa rangi ya maganda ya zabibu vizuri sana. Mwulizeni kijana swali nililowajibu wakamuaji wa Singida: atakitoaje kimiminika chake mwishoni? Akisema kitabaki humo, basi kila kilichomo lazima kiwe kinaruhusiwa katika chakula. Akisema atakiondoa, aoneshe mtambo. Maji yaliyochanganywa na pombe hutoa sehemu kubwa ya vitu hivyo, na pombe hupaa. Kwa kuwa mnavuna mara mbili kwa mwaka, anaweza kuwafanyia jaribio dogo kwa mavuno haya, mkaona matokeo kabla ya mavuno yajayo.

Ninafundisha kemia shule ya sekondari wilayani Chamwino. Maabara yetu ni ya kawaida. Je, lipo jaribio ambalo wanafunzi wangu wanaweza kulifanya wakaona jambo hili kwa macho?

Lipo, Mwalimu, na nimefurahi sana kuulizwa. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Leicester walionesha kwamba kolini kloridi, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 302, ikichanganywa na urea, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 133, kwa moli moja kwa mbili, hutoa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 12. Kwa usahihi mchanganyiko huu si kimiminika cha ayoni kamili, kwa kuwa urea haina chaji. Ni ndugu yake wa karibu, na hufundisha somo lilelile. Urea hushika ayoni za kloridi kwa vifungo vya hidrojeni, chaji ikatawanyika, na fuwele ikakosa sababu ya kujijenga.

Pima gramu 14 za kolini kloridi na gramu 12 za urea, uzitie kwenye bika kavu, na uipashe bika ndani ya maji ya moto yaliyo kwenye nyuzi joto 80 huku mkikoroga. Polepole yabisi mbili nyeupe zitageuka kimiminika kisicho na rangi, nacho kitabaki hivyo hata kikipoa, hata asubuhi za Julai. Msizidishe moto, kwa sababu urea huvunjika na kutoa amonia. Kolini kloridi huuzwa pia kama kirutubisho cha chakula cha kuku, lakini ile huwa imechanganywa na unga wa kubebea na haifai. Tafuteni iliyo safi. Urea ya mbolea huweza kufanya kazi, ila ya maabara ni bora.

Baada ya hapo waacheni wanafunzi wapime upitishaji umeme kikiwa baridi na kikiwa moto, waone jinsi unavyopanda mnato ukishuka. Watie chembe ya shaba oksidi nyeusi kwenye kimiminika chenye joto, na nyingine kwenye maji yenye joto hilohilo, wayalinganishe baada ya nusu saa. Kikundi kimoja kiache bika wazi kwa juma moja na kuipima kila siku kwenye mizani, kingine kiifunge. Mwanafunzi atakayetaka kuelewa kwa nini bika iliyo wazi imeongezeka uzito atarudi mwenyewe kwenye jibu nililompa fundi wa maabara hapo juu.